Mume wangu anakonda, mtaa unasema ana ngoma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Morogoro. Mume wangu ana miaka 43, ni dereva wa lori, njia yake ni Dar es Salaam na Tunduma. Keshokutwa anarudi safari, na mimi begi langu nimeshalitoa uvunguni. Ndiyo maana nakuandikia usiku huu, kabla sijafanya jambo nikajuta.

Ilianza kama miezi saba iliyopita. Mume wangu alikuwa na mwili, shati likimbana. Sasa mkanda ameutoboa matundu matatu mapya kwa msumari. Ukisema hali, si kweli. Anakula kuliko zamani, anamaliza ugali wake na kunyemelea wa watoto, lakini bado anapukutika. Nikifika bombani wanawake wananyamaza. Jirani mmoja hakujificha, alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, nenda kapime mapema, hawa madereva unawajua." Nilikwenda, majibu yangu yakawa salama. Nikimwambia na yeye akapime anakuwa mkali, anasema kama simwamini niseme.

Usiku anaamka mara nne, mara tano. Nilidhani anatoka kumpigia simu mwanamke, siku moja nikamfuata kwa kunyata. Alikuwa anakojoa kweli. Utingo wake anamtania kwamba hata katikati ya mbuga ya Mikumi anasimamisha gari, simba hawaogopi. Na kiu aliyo nayo sijapata kuiona. Jagi la maji akiliweka mdomoni halishushi, halafu anamtuma mtoto dukani akamletee soda ya baridi. Njiani anasema anakunywa soda tatu au nne, na enaji juu yake ili asisinzie.

Hayo ningeyavumilia. Kinachoniumiza ni hiki. Anawashwa sehemu za siri, ana wekundu na utando mweupe, unapona na kurudi. Muuza dawa mmoja alimwambia ni gono, akamchoma sindano, haikusaidia kitu. Mimi mwenyewe nimetibiwa fangasi mara tatu mwaka huu. Tendo la ndoa ni miezi mitatu sasa. Akijaribu anashindwa, anageukia ukutani. Nimewaza labda ni mimi, maana nimenenepa tangu nijifungue mtoto wa mwisho, aliyezaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.5. Lakini akili inaniambia ana nyumba ndogo huko Tunduma, na huko ndiko alikookota hicho alichonacho.

Mama mkwe naye ana lake. Anasema mwanawe amechezewa. Baba mkwe, ambaye sikumkuta, alianza hivyo hivyo. Alikonda, kikamtoka kidonda kwenye kidole cha mguu, wakasema ametegwa mlangoni. Mwisho mguu ukakatwa, na bado hakupona. Sasa mume wangu ana kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, mwezi wa pili huu. Kandambili ilimkata hata hakusikia, akaja kuona damu tu. Anakimwagia unga wa kapsuli. Mama anataka apelekwe kwa mtaalamu, na shemeji keshatoa hela.

Juzi kanunua miwani stendi, anasema vibao vya barabarani vinamfifia. Na kituko cha mwisho, utacheka: chooni kwetu siku hizi sisimizi hawakomi, nimemwaga mafuta ya taa mpaka nimechoka.

Shangazi, nirudi kwetu Kilosa, niwafuate kwa mtaalamu, au nifanye nini?

Mama Wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Begi lirudishe uvunguni, kwa wiki hii tu. Ukitaka kulitoa tena, ulitoe ukiwa na majibu mkononi.

Sikucheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ningekuwa mimi ndiye mwandishi ningeanza na hao sisimizi uliowaweka mwisho. Wanachofuata chooni kwenu yawezekana ni sukari. Waganga wa India ya kale waliwaona wadudu hao wakizunguka mkojo wa wagonjwa, wakauita ugonjwa ule mkojo wa asali. Nilipokuwa muuguzi, kabla sijastaafu, kila aliyekuja akilalamika kiu nilimwuliza habari za sisimizi wa chooni kwake. Wengine walinitazama kama nimewapigia ramli. Ila usije ukamwambia jirani kwamba choo kisicho na sisimizi ni dalili ya uzima. Wengi wenye ugonjwa huu hawajawahi kuona hata mmoja.

Mimi simpimi mtu kwa barua. Lakini chukua kiu, mkojo wa usiku, kula sana huku anakonda, macho kufifia, fangasi wanaorudi na kidonda kisichofunga, uvifunge kitita kimoja, juu yake uweke baba aliyekatwa mguu. Kitita hicho kikiletwa mbele yangu, cha kwanza ninachotaka kipimwe ni kisukari.

Nikueleze kinavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hutahitaji kubishana na mtu bombani. Ugali, wali na ndizi tukishavila vinageuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo haiingii kwenye misuli bila insulini, kichocheo kinachoifungulia mlango, na insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kwa watu wazima wa umri wa mumeo mara nyingi insulini huwa ipo, ila mwili umekuwa sugu hauitikii, na kongosho nalo linachoka mwaka hadi mwaka. Basi sukari inajaa kwenye damu huku misuli inalala njaa. Ndiyo maana anamaliza ugali wake na wa watoto na bado anapukutika. Mwili umeanza kula mafuta na nyama zake wenyewe. Sukari ikipanda sana, kwa wengi ikivuka 10 hivi (milimoli kwa lita) kwenye mashine zetu, figo zinashindwa kuirudisha damuni, inatoka na mkojo. Na ikitoka inavuta maji. Anakojoa, anakauka, anapata kiu, anamtuma mtoto dukani. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai 8 au 9. Soda anayoinywa kukata kiu ya jioni ndiyo inayomwamsha saa nane ya usiku.

Sasa tuje chumbani. Fangasi hustawi penye sukari, na mkojo ukiwa mtamu wanaweka kambi. Unawatibu leo, mwezi ujao wamerudi. Gono kwa mwanamume kwa kawaida hutoa usaha na kuchoma wakati wa kukojoa. Wewe umeniandikia muwasho na utando mweupe, usaha hukuutaja. Huyo muuza dawa alitibu alichokiwaza, hakupima. Kuhusu kushindwa, sukari iliyokaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na ile inayohusika na nguvu za kiume ni miongoni mwa inayoumia mapema. Mwanamume akishindwa mara mbili tatu hasemi, anageukia ukutani. Kunenepa kwako hakumo katika hesabu hiyo. Na tafadhali asiguse zile dawa za nguvu zinazouzwa stendi kwenye vifuko visivyo na jina. Mtu mwenye mishipa iliyochoka zinaweza kumwangusha.

Kama ana nyumba ndogo Tunduma, mimi sijui. Sukari haimtakasi mtu wala haimshitaki. Virusi vya Ukimwi navyo hukondesha, kifua kikuu pia, na mwenye kisukari hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo yote yapimwe. Majibu yako ni yako, si yake. Kuna wanandoa wengi ambao mmoja anavyo na mwenzake hana. Nendeni wawili, siku moja, na akiwa anakohoa kwa wiki mbili au zaidi asiache kusema.

Kidonda ndicho kilichonifanya niweke barua chini. Umeandika kwamba kandambili ilimkata na hakusikia. Mguu wenye ganzi haulalamiki, ndio ubaya wake. Mtu anachubuka, anaungua, anakanyaga msumari, yeye anaendelea na shughuli zake, na damu isiyofika vizuri vidoleni inakiacha kidonda wazi mpaka kinaoza. Unga wa kapsuli unaganda juu na kuficha yanayoendelea chini. Acheni leo. Kisafishwe kwa maji safi, kifunikwe kwa bandeji safi, na akionyeshe kituoni siku hiyo hiyo anapopima sukari, asipange siku nyingine. Kikiwa kimevimba, kinanuka, kimeanza kuwa cheusi, au ana homa, hapo ni hospitali kubwa moja kwa moja. Asiuloweke mguu kwenye maji ya moto, maana hatajua kama unaungua. Na kandambili zikae bafuni. Kwenye lori avae viatu vya kufunika vidole, na kabla ya kuvaa atie mkono ndani kuona kama kuna kijiwe.

Mama mkwe wako mwache na heshima yake. Siku mkiwa mmetulia, umpashie uji, mwulize taratibu, "Mama, baba alipoanza kuumwa, alikuwa anakunywa maji sana?" Nyamaza umsikilize. Nina hakika ya nusu na robo kwamba atakuhadithia jagi lile lile. Ugonjwa huu wa watu wazima unatembea ndani ya koo, na ukoo usiojua jina lake huuita mtego. Ukimwambia mama kwamba alikosea, umemfungulia msiba upya. Ukimwacha akumbuke mwenyewe, huenda akawa wa kwanza kumsukuma mwanawe kwenda hospitali.

Akisisitiza mwarobaini au mlonge, usigombane naye kwa ajili ya majani. Mwambie tu kwamba majani hayatachukua nafasi ya kipimo wala ya dawa, na daktari aambiwe kinachonywewa. Unakumbuka mwaka 2011, foleni za magari zikienda Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa cha yule mchungaji aliyeitwa Babu, kwa shilingi 500? Kisukari kilikuwamo katika orodha ya yale yaliyosemwa yanapona. Nilikuwa bado kazini. Wapo waliokunywa wakatupa vidonge, na niliwapokea baadhi yao wodini. Mpaka leo kisukari cha kudumu hakina kikombe cha kukiondoa; kinatunzwa, na kikitunzwa vizuri mtu anazeeka nacho.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kwenye ncha ya kidole. Zahanati nyingi wanacho, na baadhi ya maduka ya dawa pia. Anawe mikono kwa sabuni kwanza. Nimeona mtu aliyetoka kumenya chungwa akasomeka mgonjwa kwa sababu ya sukari ya kwenye kidole. Asubuhi, akiwa hajala kwa saa nane au zaidi, mtu mzima wa afya huwa chini ya 6.1. Ikisoma 7.0 au zaidi, hicho ni kisukari, ingawa kwa asiye na dalili hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Ikipimwa saa yoyote, hata kashiba, ikafika 11.1 au zaidi, na dalili ni hizi ulizoniandikia, daktari hana haja ya kusubiri. Ukikuta mashine inasoma 126 au 200 usizimie, nyingine zina vipimo vyake: 126 ndiyo 7, na 200 ndiyo 11.1. Hospitali kubwa kuna kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu. Huko asilimia 6.5 kwenda juu ndiyo mstari. Hicho ni kizuri kwa madereva, kwa sababu hakidanganyiki na mtu aliyeacha soda jana.

Utamfikishaje? Usimwambie "twende ukapime," neno hilo keshalikataa. Mwambie hicho kidonda kinakutia hofu, unataka kioshwe kitaalamu, na wewe unataka kupima presha. Mkiwa pale mwambie muuguzi wazi wazi hayo mengine. Tukiwa wodini tulikuwa tunaletewa wanaume kwa hila za wake zao kila wiki, wala hakuna aliyewahi kunilaumu baadaye. Akifika keshokutwa jioni, mwende asubuhi yake, kabla tajiri hajampigia simu ya mzigo mwingine.

Akianzishiwa dawa, wengi huanza na vidonge vya metformini, ale pamoja na chakula maana vinachafua tumbo siku za mwanzo. Vidonge vingine, kama glibenklamidi, na sindano za insulini, vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Hili kwa dereva ni jambo zito. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa ya kukata utumbo, moyo kwenda mbio, kichwa kuwa kama cha mlevi: hiyo ni sukari imeshuka, na haifai imkute kwenye kona za Kitonga na tani thelathini mgongoni. Asimamishe gari. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya ile soda niliyoisema vibaya hapo juu (hapa ndipo penye kazi yake), asubiri dakika 15, na asipopata nafuu arudie. Kisha ale chakula kabla ya kuwasha injini. Utingo naye afundishwe, na sukari ikae kwenye kabini siku zote. Asikubali dawa yoyote bila kumwambia daktari kwamba yeye anaendesha lori.

Miwani aiweke kando kwanza. Sukari ikipanda lenzi ya jicho hubadilika umbo, ikitulia nayo hurudi, pengine baada ya wiki kadhaa. Akipima miwani sasa atapata ya jicho ambalo si lake. Ila macho yachunguzwe kwa ndani na mtaalamu, kila mwaka.

Chakula hakina siri kubwa. Ugali haukatazwi. Upungue, uwe wa dona, na nusu ya sahani iwe mboga. Chipsi mayai za Mafinga na soda yake ndizo atakazozililia.

Jambo moja halisubiri keshokutwa. Mpigie simu kesho asubuhi. Akikuambia anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, au anasinzia na kusema yasiyoeleweka, utingo ampeleke hospitali iliyo karibu, iwe Makambako au Iringa, na neno la kwanza kwa muuguzi liwe "mpime sukari." Nakazia neno hilo kwa sababu ya mtoto mmoja wa miaka tisa. Aliletwa kwetu akiwa keshamaliza dozi mbili za malaria, anahema hivyo hivyo, na mama yake akasema kwa wiki tatu mtoto alikuwa amerudia kukojoa kitandani na wamemchapa kwa hilo. Watoto mara nyingi hupata ile aina nyingine, ambayo kongosho haitoi insulini, nayo haina subira. Yule alipona kwa insulini. Watu wanaisema sindano hiyo kana kwamba ndiyo inayoua. Kabla ya Januari 1922, alipochomwa mgonjwa wa kwanza kule Toronto, mvulana wa miaka 14, mtoto wa aina hiyo alikuwa anasubiri kufa tu.

Sasa wewe. Umeniandikia habari za mume kurasa mbili, na habari zako mstari mmoja mmoja, kama mtu anayepita. Fangasi mara tatu kwa mwaka. Mwili ulioongezeka. Mtoto wa kilo 4.5. Mtoto anayevuka kilo 4 anaweza kuwa dalili kwamba sukari ya mama ilipanda wakati wa mimba, na mama ambaye ilimpanda, hata kama ilishuka baada ya kujifungua, yuko karibu na kisukari kuliko mwanamke mwingine. Uliambiwa urudi kupimwa baada ya kujifungua? Wengi hawaambiwi. Mkiwa pale kituoni na mashine iko mezani, nyoosha na chako kidole.

Shangazi